Mti wa Ibada ya Kwanza: Jinsi Ulivyokauka na Jinsi Ulivyoangushwa

Katika rasimu ya kwanza ya kitabu hiki cha miaka mia moja, habari za mti wa mfuruanje zilichukua mistari miwili tu: kwamba ibada ya kwanza ya usharika wetu ilifanyika chini ya kivuli chake, na kwamba baadaye mti huo ulianguka. Niliposomewa mistari hiyo katika kikao cha kamati, niliomba nipewe nafasi ya kuandika sura hii. Mti ule haukuanguka. Tuliuangusha sisi wenyewe. Na kabla ya kuuangusha kwa utaratibu tulijaribu kuuangusha pasipo utaratibu, na kijana mmoja wa kwaya akaumia. Mchungaji wa usharika wakati huo nilikuwa mimi, nami ndiye niliyetoa ruhusa.

Wageni wetu kutoka Dayosisi na sharika jirani watapenda kwanza kujua mti wenyewe. Mfuruanje ni mti wa asili wa mlima wetu. Hukua juu ya migomba na mibuni katika vihamba, matawi yake yakitandaa kama mwavuli, na wazee wetu waliuacha makusudi kwa sababu kivuli chake ni chepesi na majani yake yakianguka hurutubisha udongo. Huu wetu ulisimama juu kidogo ya mfongo, mahali ambapo njia ya kwenda sokoni inakutana na njia ya kwenda mtoni. Watu walikuwa wakipumzika hapo na mizigo yao tangu kabla ya Neno kufika.

Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893 na kuanzia kazi Machame. Kutoka vituo vyao vya kwanza, Injili ilipanda na kushuka mabonde kwa miguu ya walimu Wachaga, ambao majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Jambo hili lapaswa kukumbukwa tunapozungumzia mwanzo wetu. Mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari Wajerumani waliondolewa nchini. Hawakuruhusiwa kurudi hadi mwaka 1925. Ndugu wa Misioni ya Augustana kutoka Marekani walikuja kusaidia katika miaka hiyo, lakini walikuwa wachache na mlima ni mkubwa. Kazi ilishikwa na walimu na wazee wa hapa. Ni katika mazingira hayo kikundi cha watu wa mtaa huu kilianza kukusanyika chini ya mfuruanje, kwa sababu kituo cha misioni kilikuwa mbali na mito ilijaa wakati wa masika. Hawakuwa na jengo. Walikuwa na mwalimu, ubao mweusi na mti.

Kengele yao ilikuwa kipande cha reli. Njia ya reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na vipande vya chuma chake vilipatikana hapa na pale. Kimoja kilipandishwa mlimani na kutundikwa kwenye tawi la chini la mfuruanje kwa ndoana nene ya chuma iliyopigiliwa ndani ya shina. Wazee waliotusimulia habari hizi walisema kwamba sauti yake ilisikika hadi ng'ambo ya pili ya bonde. Kipande hicho cha reli kimehifadhiwa katika ofisi ya usharika. Ndoana yake ilibaki ndani ya mti, gome likaimeza, na watu wakaisahau. Tutakutana nayo tena mbele.

Si ajabu basi kwamba mti ule ulipendwa. Wachaga tangu zamani hawakuukata mti mkubwa ovyo. Bruno Gutmann, mmisionari aliyefanya kazi Masama na kisha Moshi ya Kale hadi mwaka 1938, aliandika jinsi wafuga nyuki walivyousemesha mti kabla ya kuukata kwa ajili ya mizinga, kana kwamba ni binti wa nyumbani anayetolewa kwenda kuolewa. Sisi Wakristo hatukuusemesha mfuruanje wetu, lakini nakiri kwamba tuliuheshimu kwa namna iliyokaribia hapo. Watoto walikatazwa kuupanda. Maharusi walipigwa picha mbele yake. Mwezi Juni 1963, makanisa saba yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, wazee walisoma tangazo hilo chini yake, ingawa kanisa la mawe lilikuwa tayari limejengwa hatua chache kutoka hapo.

Sasa niseme jinsi ulivyokufa, maana wengi hudhani ulikufa kwa uzee. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilidhoofisha msingi wa kanisa la mawe, na usharika ukaamua kujenga kanisa kubwa zaidi. Eneo letu ni la mteremko. Ili kupata uwanja ulio sawa, udongo ulichimbwa upande wa juu na kumwagwa upande wa chini, ukalizunguka shina la mfuruanje kwa kina cha karibu mita moja. Upande wa pili ulichimbwa msingi wa ukuta na mtaro wa maji, na mizizi minene kama mapaja ya mtu ikakatwa kwa mashoka. Kisha tukasakafia sehemu ya uwanja kwa saruji ili magari ya wageni yasikwame katika matope. Kila hatua ilifanywa kwa nia njema na kwa mchango mkubwa wa waumini. Lakini mizizi ya mti inahitaji hewa, na sehemu kubwa ya ile inayoulisha haiko chini sana. Ukiifukia kwa udongo mwingi inakosa pumzi, na ukiikata mti unabaki na kiu hata mvua inaponyesha.

Mti mkubwa haufi kwa siku moja. Kwa miaka kadhaa ulichipua kama kawaida. Halafu majani yakaanza kuwa machache kileleni, matawi ya upande wa mtaro yakakauka, na gome likaanza kubanduka vipande vipande. Siku za mnada wa mavuno akina mama walikuwa wakiweka mafiga karibu na shina wakipika, kwa kuwa hapo palikuwa na kivuli, nako moto kukauchoma upande mmoja. Nilipohamishiwa hapa mwaka 2011 mti ulikuwa umekwisha kufa kabisa. Ulisimama mweupe katikati ya uwanja, na chini yake bado walikaa watoto wa shule ya Jumapili.

Jambo hilo la mwisho ndilo linalonihukumu. Niliona siku ya kwanza kwamba si salama. Nikaliweka mbele ya Baraza la Wazee, na baraza likagawanyika. Wapo waliosema kwamba kuukata mti wa ibada ya kwanza ni kuwakata waliotutangulia. Wapo waliosema, kwa sauti ya chini, kwamba tumeugeuza mti kuwa sanamu, wakamtaja mfalme Hezekia aliyeivunja nyoka ya shaba ya Musa watu walipoanza kuifukizia uvumba. Mzee mmoja aliyesoma sana akaleta habari za Bonifasio, aliyeukata mwaloni wa Donar huko Geismar, Ujerumani, katika karne ya 8. Tulijadili theolojia ya mti kwa vikao vinne. Nami, kwa kuwa nilifundishwa Makumira kupenda mijadala ya namna hiyo, niliufurahia kuliko ilivyonipasa. Maandiko yaliyotufaa hayakuwa ya Hezekia hata kidogo. Yalikuwa Kumbukumbu la Torati 22:8, panapoagizwa kwamba ajengaye nyumba mpya aweke ukuta pembeni mwa dari, ili asije akaleta hatia ya damu juu ya nyumba yake mtu akianguka kutoka juu. Hilo hakuna aliyelitaja, hata mimi.

Mwezi Julai 2013, usiku wa kuamkia Jumapili, tawi zito lilianguka lenyewe bila upepo na kuvunja benchi mbili za watoto. Asubuhi tulikuta vipande vimetawanyika hadi kwenye ngazi za kanisa. Baada ya hapo hapakuwa na ubishi tena kama mti ukatwe au usikatwe. Kukawa na haraka.

Gharama ya fundi mwenye vifaa ilikuwa kubwa, na mfuko wa jengo ulikuwa na deni. Vijana wakajitolea. Walisema wataanza kwa kuyavuta matawi makavu kwa kamba kutoka chini, kisha shina litashughulikiwa baadaye. Nikawaruhusu, nikawaombea, nikaenda kwenye ibada ya mazishi katika mtaa wa jirani. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Agosti. Walirusha kamba juu ya tawi, watu kumi wakaivuta kwa pamoja wakiimba. Kamba ilikuwa fupi, kwa hiyo wote walisimama ndani ya mduara wa mti. Tawi walilolivuta halikukatika. Mti mzima ulitikisika, na tawi jingine lililokuwa juu yake, ambalo hakuna aliyeliangalia, likachomoka na kushuka. Tisa walikimbia. Wa kumi alijikwaa kwenye ukingo wa saruji. Alivunjika paja na mfupa wa bega.

Tulimpeleka hospitali kwa gari la kubebea ndizi. Alilazwa kwa muda mrefu, na mguu wake wa kushoto ulibaki mfupi kidogo kuliko wa kulia. Nilipokaa kando ya kitanda chake, mama yake mzazi aliniuliza swali moja tu: “Baba Mchungaji, wewe ulikuwa wapi?” Hakusema kwa hasira. Nilimjibu nilikokuwa, na jibu hilo halikutosha. Torati inamzungumzia mtu aliyekwenda mwituni na jirani yake kukata kuni, chuma cha shoka kikachomoka katika mpini na kumwua mwenzake. Huyo hupewa mji wa kukimbilia, kwa kuwa hakujua. Sisi tulikuwa tunajua. Benchi zilizovunjika zilikuwa zimetuambia mwezi mmoja kabla.

Baada ya hapo uwanja ulizungushiwa kamba na shule ya Jumapili ikahamia ukumbini. Tukaanza upya, mara hii kwa kuuliza wanaojua. Afisa misitu wa wilaya alikuja, akaukagua mti, akatueleza utaratibu wa kibali, kwa maana hata mti uliokufa katika ardhi yako mwenyewe haukatwi kwa kujiamulia. Akatushauri pia tumtafute fundi aliyezoea miti mikubwa. Tulimpata mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika mashamba ya miti ya serikali ya Magharibi mwa Kilimanjaro. Nitamwita Fundi, maana hakupenda kutajwa.

Siku ya kwanza Fundi hakuja na msumeno. Alikuja na shoka moja, akauzunguka mti kwa muda wa saa nzima bila kusema neno. Aligonga shina kwa kisigino cha shoka, hatua kwa hatua, akisikiliza. Upande wa mtaro sauti ilikuwa nzito na ngumu. Upande uliochomwa na moto ilikuwa kama ngoma. Alituonyesha uyoga uliotoka kwenye maungio ya mizizi, akasema hiyo ni dalili kwamba kuoza kumeanzia chini kwa ndani. Alitazama juu kwa muda mrefu kuliko alivyotazama chini. “Mti mbichi hukuua kwa shina,” alisema. “Huu utakuua kwa kilichoning'inia juu.” Mzee wa kanisa mmoja alipouliza kwa nini asipande akapunguze matawi kwanza, alijibu kwamba mti mkavu haupandwi, kwa kuwa hakuna ajuaye ni tawi gani litakalombeba.

Alikuta mambo matatu ambayo sisi tulioishi na mti huo hatukuyaona. La kwanza ni nyuki. Walikuwa ndani ya tundu, mita tano hivi kutoka chini, na wangeamshwa na mtikisiko wa msumeno. Mfuga nyuki wa mtaa wa juu aliwahamisha usiku kwa usiku mbili, akatumia moshi na mzinga, akapata na asali kidogo. La pili ni ile ndoana. Fundi aliuliza kama kuna chuma katika shina, tukasema hakuna. Ajuza mmoja aliyekuwa ameketi barazani ndiye aliyekumbuka kengele ya reli. Mnyororo wa msumeno ukigonga chuma hukatika na kumrukia mkataji, kwa hiyo mahali pale paliwekwa alama ya chokaa pasiguswe. La tatu ni waya wa umeme uliopita upande wa njia. Tuliandika barua kwa shirika la umeme, na siku ya kazi mafundi wao wakakata umeme na kushusha waya.

Likabaki swali la upande wa kuangushia. Wazee walitaka mti uelekezwe njiani, penye nafasi wazi. Fundi alikataa. Uzito wa matawi ulikuwa upande wa pili, ambako chini yake kuna kihamba cha mama mjane, jirani yetu, na kuulazimisha mti uliooza ugeuke kinyume cha uzito wake ni kuutafuta msiba wa pili. Nilikwenda kwake nikiwa na mzee mmoja na Mwinjilisti. Tulitegemea mazungumzo marefu juu ya fidia. Alitusikiliza, akasema mibuni ya sehemu ile ilikuwa mizee hata hivyo, ila tuhakikishe shina haliangukii mfongo, kwa sababu ilikuwa zamu yake ya maji wiki ile. Fidia tulilipa, na miche mipya ya kahawa tulipanda. Mfongo ulizibwa kwa muda upande wa juu na kufunikwa magogo.

Kazi ilifanyika Februari 2014, kabla ya masika, saa moja asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaanza kupanda kutoka tambarare. Njia zote mbili zilifungwa. Fundi aliagiza kwamba mtu yeyote asiyekuwa na kazi akae mbali mara mbili ya urefu wa mti, na kwa kuwa mti ulikaribia mita 30, umati wote ulisogezwa mita 60, wengine wakinung'unika kwamba hawataona kitu. Waliobaki karibu walikuwa watatu tu, wote wamevaa kofia ngumu. Nilihesabu watu mimi mwenyewe, mara mbili.

Kamba nyembamba ilirushwa kwanza kwenye panda imara, ikavuta waya wa chuma, na waya huo ukapitishwa kwenye kapi hadi kwenye winchi ya mkono iliyofungwa kwenye mgrevilea hai, mbali kuliko mti ungeweza kufika. Kwa njia hiyo mwenye kuvuta hakusimama katika mstari wa kuangukia. Fundi alisafisha nyasi na vijiti nyuma ya shina, akatengeneza njia mbili za kukimbilia, moja kulia na moja kushoto, zote zikielekea nyuma kwa mshazari. Akazitembea kabla ya kuwasha msumeno.

Hakukata chini kama ilivyozoeleka. Alikata kimo cha kifua, mahali shina lilipolia kwa sauti ngumu pande zote mbili. Upande wa kuangukia alikata mdomo, unaoingia chini kidogo ya theluthi ya unene. Kisha akaja nyuma akakata juu kidogo ya kiwango cha mdomo, akaacha katikati utepe wa mti usiokatwa, mithili ya bawaba ya mlango. Bawaba hiyo ndiyo inayouongoza mti unaposhuka. Ukiikata yote mti unajiamulia mwenyewe. Kwa kuwa moyo wa shina ulikuwa umeoza, aliiacha nene kuliko kawaida. Kabari zilipachikwa kwa mkono bila kupigwa kwa nyundo, ili mti usitikisike na kuyaachia matawi ya juu. Akazima msumeno, akapunga mkono, akaondoka kwa njia yake ya kulia. Winchi ikavuta, kidogo kidogo.

Wapo waliosimulia kwamba mti ulilia. Mimi nilisikia mlio kama wa mlango mzito, halafu kimya, halafu kishindo. Matawi yalivunjika vipande kama vyungu na vumbi likafunika kihamba chote. Hakuna aliyeguswa. Mfongo ulibaki mzima. Tulizuiwa kusogea kwa dakika kama kumi, na kabla hazijaisha kipande kilichokuwa kimenasa kwenye mti wa jirani kilidondoka mahali ambapo vijana wangekuwa wamefika wakishangilia.

Nalazimika kujibu hapa swali ambalo bado linaulizwa katika baadhi ya mitaa: mbao zilikwenda wapi? Hazikuwapo. Sehemu kubwa ya shina ilikuwa uwazi na unga wa wadudu. Zilipatikana mbao chache ambazo zilitengenezwa benchi mbili za watoto, nazo ziko ukumbini. Zilizosalia zilikuwa kuni, zikagawiwa kwa wajane na wazee wa mitaa yote. Hesabu zake zimo katika kumbukumbu za usharika na kila muumini anaweza kuzisoma.

Kisiki bado kipo nyuma ya kanisa, kimo cha kifua, na ndani ya gome lake ndoana inaonekana kwa atakayeitafuta. Udongo uliokuwa umerundikwa umeondolewa, na wanafunzi wa kipaimara, ambao katika Dayosisi yetu hupanda miti kama sehemu ya mafundisho yao, wamepanda mfuruanje mchanga mbali na msingi na mbali na waya.

Kijana aliyeumia sasa ni mzee wa kanisa. Nilimwonyesha sura hii kabla ya kuikabidhi, akaomba jina lake lisiandikwe, na akanisahihisha mahali pamoja: nilikuwa nimeandika kwamba walivuta kamba watu wanane. Yeye pia ndiye mwenyekiti wa kamati ndogo inayokagua miti ya usharika kila Januari, akigonga mashina kwa kisigino cha shoka kama alivyomwona Fundi akifanya. Katika ukaguzi wa mwisho alitoa taarifa kwamba mkaratusi ulio karibu na shule ya chekechea umeanza kukauka ncha upande wa mashariki. Watoto wamehamishiwa lango la chini, na barua ya kuomba kibali imekwisha kupelekwa wilayani.